Pipa Lililotoka Joshoni

Siku dawa ya josho ilipoletwa kijijini Mughombe, watu wote walifurahi kwa ajili ya ng'ombe wao. Yustina alifurahi kwa ajili ya kalamu.

Trekta lilikuja likikokota tela, na juu ya tela pipa moja kubwa la chuma, rangi ya buluu, limefungwa kamba kama ng'ombe mkorofi. Bwana mifugo wa tarafa, Ndugu Antipasi, aliruka chini, akajipangusa vumbi, akatandaza karatasi juu ya kifuniko cha pipa.

"Nani anapokea?"

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Melkizedeki, alikuwa mtu wa kutia sahihi kwa kidole gumba. Aligeuka, akapitisha macho juu ya vichwa vya watu mpaka akampata aliyemtaka.

"Mama Felista! Njoo hapa na elimu yako."

Watu wakacheka, lakini kwa wema. Yustina akapita katikati yao, mwanawe Felista mgongoni, miguu ya mtoto ikining'inia kwa kuwa alikwisha kutimiza miaka mitatu na bado alikuwa hataki kushuka. Miaka miwili, tangu kabla ya kuhamia Mughombe, Yustina alikwenda kisomo kila jioni, akasoma pamoja na wazee waliosinzia na akina mama walionyonyesha, na mwaka ule, sabini na tano, ndiye pekee katika kamati ya josho aliyeweza kuandika jina lake bila kuangalia pengine. Akaandika. Herufi ya Y ilimkaa vizuri sana. Aliitazama mpaka Ndugu Antipasi akaivuta karatasi mkononi mwake.

"Sasa sikiliza masharti," alisema, akaanza kusoma kwa haraka, kama mtu anayeogopa mvua. Dawa isikae chumba kimoja na chakula. Anayeishika avae glavu. Pipa likiisha dawa litobolewe matundu na kufukiwa ardhini. Ni marufuku kulitia maji ya kunywa wala chakula cha watu au mifugo. Na aliyetia sahihi ndiye atakayewajibika mbele ya sheria kwa madhara yoyote. "Umeelewa, ndugu?"

"Nimeelewa."

Na kweli alielewa. Hilo ndilo lililokuja kumtesa: kwamba alielewa kila neno.

Glavu zilikuwa mbili, na zote za mkono wa kushoto. Chumba cha kuwekea dawa hakikuwapo. Kijiji kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Watu walikuwa wamehamia pale kutoka mbugani na vilimani kwao, wengine nyumba zao bado hazijakandikwa upande mmoja, na ghala lilikuwa moja tu, lenye mahindi ya msaada ndani. Yustina alimwendea mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Karatasi inasema dawa na chakula visilale pamoja."

"Chumba ni kimoja. Cha pili nikujengee kwa mate?"

"Basi unipe ufunguo, mzee, niwe ninapaangalia."

Mzee Melkizedeki akashika ufunguo uliokuwa shingoni mwake kwa kamba ya katani, kana kwamba umeitwa jina. "Ufunguo ni wa mwenyekiti. Wewe una kalamu, mimi nina ufunguo. Mambo ya ujamaa hayo, kila mtu na chake." Akacheka mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Wakati wa njaa ya mwaka uliopita alikuwa akila wa mwisho, na kila mtu pale kijijini alilijua hilo.

Bahati yao, dawa haikukaa sana ghalani. Josho lilijazwa wiki ile ile. Dawa ilipomiminwa kwenye maji ikageuka nyeupe pee, kama maziwa ya asubuhi, ikanukia utomvu wa mti uliokatwa. Ng'ombe walitumbukia mmoja mmoja, wakatoka upande wa pili wakitikisa masikio, na kupe wakadondoka kama mtama. Watu walipiga vigelegele. Siku ya pili Philipo, mume wa Yustina, akaondoka na ng'ombe wao kuelekea upande wa Manyoni kutafuta majani, kwa maana mvua ilikuwa imekatika na mbuga zote za karibu zilikuwa zimebaki vumbi.

Likabaki pipa. Tupu, zima, lisilovuja.

Mughombe palikuwa mahali ambapo mtu aliweza kutoka asubuhi na kibuyu akarudi jua likiwa limekwisha kuchoma utosi. Maji yalikuwa kwenye mchanga wa korongo, ng'ambo ya majabali, na ilibidi kuyafukua, kuyasubiri yachuruzike, kuyachota kwa kata. Pipa la chuma kijijini kwa watu kama hao! Kila mama aliyepita joshoni aligeuza shingo.

Na kulikuwa na kituo cha watoto. Watoto thelathini na wanne walikuwa wakiachwa pale chini ya paa la nyasi, mama zao wakienda shamba la kijiji, na mpishi wao, Esta, aliwapikia uji. Mitungi ya kituo ilikuwa miwili. Mmoja uliangushwa, wa pili ukapata ufa. Mkaguzi akasema kituo kisicho na akiba ya maji kitafungwa. Kwa hiyo Mzee Melkizedeki alipoamuru pipa libiringishwe kutoka joshoni mpaka kituoni, hakuna aliyeona ubaya. Watu walimwona amefikiri.

Yustina alilikuta limekwisha kufika, Esta ameingiza nusu ya mwili wake ndani, anasugua kwa mchanga, mikono mitupu mpaka kwapani.

"Esta, toka humo! Dada, toka! Hiyo ni sumu."

"Sumu ya kupe," sauti ya Esta ilitoka ndani ya pipa ikivuma. "Mimi ni kupe?"

"Karatasi inasema litobolewe, lifukiwe."

Esta akachomoza kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anacheka. "Litobolewe! Chombo kizima! Aliyeandika hiyo karatasi kwao bomba linapita mlangoni, nakwambia."

Pembeni, juu ya jiwe, alikuwa amekaa Bibi Martina, mama mkwe wa Yustina. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu katika kusafisha vyombo hapakuwa na mtu Mughombe nzima aliyeweza kushindana na Bibi Martina. Vibuyu vyake vya maziwa vilikaa siku nyingi bila kuchacha. Alikuwa na utaratibu wake, ule wa mama yake na wa bibi yake: kwanza mkojo wa ng'ombe, ule wa asubuhi, unaachwa chomboni usiku kucha, halafu majivu, halafu moshi wa vijinga, chombo kimefunikwa juu yake mpaka kinukie vizuri. Hicho ndicho alichokuwa amekuja kukisimamia.

"Shikamoo, mama," Yustina alipiga goti.

"Marahaba. Mbona unapiga kelele mbele ya watoto wa wenzio?"

"Mama, dawa ya josho haitoki kwa majivu."

"Wewe vibuyu vyangu umewahi kuvikuta vinanuka?"

"Hapana, mama."

"Dawa ni harufu. Harufu ikitoka, na dawa imetoka. Kesho kutwa uje uingize pua yako humu. Ukisikia harufu, mimi mwenyewe nitalitoboa."

Kisomo kilimfundisha kusoma, hakikumfundisha namna ya kumbishia mama mkwe. Alisimama pale, Felista akimvuta sikio kutoka mgongoni, akatazama mkojo ukimiminwa, ukizungushwa, ukipiga kuta za chuma.

Siku ya tatu aliingiza pua yake. Ndani mlinukia moshi mtamu, kama kibuyu cha nyumbani kwao alipokuwa msichana. Harufu ya utomvu ilikuwa imekwisha kabisa. Bibi Martina alimwangalia tu, akaondoka zake akijikongoja, na akina mama wakaanza kumimina maji, kila mmoja kibuyu kimoja, mpaka pipa likajaa.

Juma lile lile Esta akaanza kuumwa kichwa. Halafu mikono ikamtetemeka, na siku moja alianguka jikoni, akakakamaa, povu mdomoni. Walimbeba kumpeleka zahanati; wakampa vidonge vya malaria, na baada ya siku tatu akarudi kazini. Watu walisema ni homa. Wengine walisema upande wa mama yake kuna kifafa. Yustina peke yake alikumbuka ile mikono mitupu ndani ya pipa.

Alfajiri moja akamfunga mtoto mgongoni, akaenda makao ya tarafa kwa miguu, saa nne za njia. Ndugu Antipasi alikuwa akiziba pancha ya baiskeli.

"Karatasi inasema nini?" alimwuliza baada ya kumsikiliza.

"Inasema litobolewe."

"Sasa unasubiri nini? Toboa."

"Mwenyekiti hataki. Na mama mkwe amelisafisha."

"Mama Felista, nina majosho kumi na moja na baiskeli moja. Siku ile nilikukabidhi, ukatia sahihi. Likitokea la kutokea, atakayeulizwa si mama mkwe. Ni wewe."

"Nitaulizwa kwa kitu nisicho na nguvu nacho?"

Ndugu Antipasi akaacha pampu. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyechoka kuliko mtu mwenye haraka. "Na mimi ndivyo ninavyoulizwa," alisema. "Hao wanaoniuliza mimi nao wana wa kuwauliza."

"Basi niandikie barua kwa mwenyekiti."

Akamwandikia. Barua nzuri, yenye mhuri, maneno makali. Yustina aliibeba kifuani njia nzima kama kifaranga, akiamini kabisa kwamba sasa yamekwisha. Alimkuta Mzee Melkizedeki nje ya ofisi ya kijiji pamoja na wajumbe wawili.

Mzee akaipokea barua, akaigeuza juu chini, akautazama mhuri kwa heshima, kisha akamrudishia. "Nisomee."

Akasoma. Alipomaliza, mzee akakohoa.

"Mwanangu. Barua umeileta wewe. Umeisoma wewe. Na inasema yale yale unayosema wewe. Sasa mimi nitajuaje?"

Wajumbe wakaangua kicheko, na mzee naye akacheka, si kwa ubaya, lakini Yustina akaisukuma barua mbele tena. "Apewe mwingine aisome, mzee!"

"Nani? Mwalimu wenu wa kisomo amekwenda Singida mpaka mwezi ujao. Akirudi atasoma. Pipa halina miguu, halitakimbia."

Tangu siku hiyo Yustina hakumpeleka Felista kituoni tena. Alikwenda naye shambani, akamlaza chini ya kivuli cha khanga iliyofungwa kwenye miti. Hilo moja aliliweza: mtoto wake. Lakini alipokuwa akipalilia, sauti za watoto zilimfikia kutoka kituoni, wakiimba nyimbo za kuhesabu, na kila wimbo ulipokatika alijua wanakunywa maji.

Akina mama waligundua upesi.

"Mtoto wa karani hanywi maji yetu," alisema mmoja mstari wa pili, jembe hewani.

"Anangoja ya bomba."

"Mwacheni. Mwenzenu ametia sahihi, anaogopa jela. Angekuwa anawaogopea watoto wetu angetwambia siku ya kwanza, siku ile dawa ilipokuja."

Neno hilo la mwisho lilimwingia kama mwiba, kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake. Siku ya kwanza alikuwa akiitazama herufi yake ya Y. Na sasa amemficha wa kwake, na wa wenzake anawasikia kwa mbali na kuendelea kupalilia.

Akaweka jembe chini. Akamchukua Felista, akapita nyumbani, akachukua shoka la Philipo, akaenda kituoni. Ilikuwa saa sita, jua la utosi, watoto wamelala kwenye mikeka. Esta alimwona na shoka, akasimama.

"Mama Felista, unafanya nini?"

Yustina akageuza shoka, akapiga kwa ncha. Mara ya kwanza chuma kiliita tu kama kengele na watoto wakaamka wakilia. Mara ya pili likabonyea. Mara ya tatu likatoboka, na maji yakaruka, yakamlowesha sketi, yakaenda chini. Ardhi ya Mughombe iliyanywa bila kuacha hata dimbwi.

Kelele zilizotoka shambani! Wanawake walikuja mbio, na waliposimama hakuna aliyempiga. Ingekuwa afadhali wangempiga. Walisimama wakitazama maji yakiishia, maji waliyoyafukua mchangani kwa kucha zao, na mmoja akajifunika uso kwa khanga akaanza kulia kama kwenye msiba. Bibi Martina alifika wa mwisho. Alitazama tundu, akatazama shoka la mwanawe.

"Philipo akirudi," alisema taratibu, "utamwambia mwenyewe."

Kamati ilikaa jioni ile ile. Hawakumpeleka popote. Walimwondoa tu kwenye kamati ya josho, wakamwambia mali ya kijiji haipigwi shoka na mtu mmoja. Alisimama akawaambia kwamba Esta aliugua kwa sababu ya pipa lile. Wakamwita Esta. Esta akatazama chini, mikono ameificha kwenye khanga, akasema hajui. Zahanati walimwambia malaria.

"Sawa," Yustina alisema moyoni. "Sawa. Lakini limetoboka." Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu trekta lije.

Asubuhi alipopita kituoni alikuta akina mama wamejipanga na vibuyu vyao, wanamimina. Alisogea karibu asiamini. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kigingi cha mti kilichochongwa vizuri, na kuzunguka kigingi palikuwa pamekandikwa nta ya nyuki, laini, imepakwa kwa dole gumba la mtu anayejua kazi yake. Vibuyu vilivyopasuka walikuwa wakiviziba hivyo hivyo tangu zamani. Hata tone halikuvuja.

Yustina alijikuta anacheka. Alicheka peke yake pale njiani, mkono mdomoni, mpaka Felista mgongoni akacheka naye bila kujua kinachochekesha, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine na ikabidi akae chini kwenye jiwe.

Angefanya nini tena? Sheria alikuwa nayo. Aliijua kwa moyo sasa, sharti kwa sharti. Ufunguo hakuwa nao, wala kiti kwenye kamati, wala mume wa kusimama naye, wala mtu wa pili wa kuisoma barua. Akikata tundu la pili litazibwa la pili. Alikaa pale mpaka jua likapanda, akafikiri, na katika kufikiri kote alipata kitu kimoja tu kisichohitaji ruhusa ya mtu.

Kesho yake alitoka mapema kuliko wote, akafika korongoni peke yake, akafukua, akajaza debe. Alilibeba kichwani mpaka kituoni, akalitua mbele ya pipa, akachukua kopo, akakaa. Mtoto aliyetaka maji alimchotea kwenye debe. Esta akaangalia, na uji akaupika kwa maji ya debe pia, bila kuombwa.

Lakini uji hunywa maji, na watoto thelathini na wanne ni wengi. Na Felista alikuwa mmoja wao, maana alikuwa amemrudisha; hakuweza kumweka mbali na kukaa pale na wa wenzake. Jua halijafika utosini kopo likagonga bati tupu chini ya debe. Akainamisha debe, akapata kopo moja la mwisho, akampa mtoto mmoja, na nyuma yake alikuwa amesimama mwingine, kitoto cha kike chenye tumbo wazi na vumbi mpaka kwenye kope, kimenyoosha mikono yote miwili.

"Maji."

Yustina akashika kopo tupu. Korongoni kwenda na kurudi ni saa mbili na nusu, na kusubiri yachuruzike. Nyuma yake pipa lilikuwa limejaa, baridi, limefunikwa vizuri. Akili yake ilimwambia labda Bibi Martina ana haki, labda dawa imetoka kweli, labda ni malaria. Hakuwa na namna ya kujua. Hakuna mtu Mughombe aliyekuwa na namna ya kujua.

"Nisubiri, mama," alimwambia mtoto. "Nakwenda, narudi sasa hivi."

Mtoto akaanza kulia, na mwingine akamfuata. Yustina akanyanyua debe, lakini miguu haikuondoka, kwa sababu aliujua mkono wa kwanza utakaofunua kile kifuniko akishaupa mgongo mlango. Akamtazama Esta.

Esta alikuwa ameegemea nguzo ya jikoni. Mikono yake bado ilitetemeka, kidogo tu, kama majani ya mti wakati upepo umekwisha kupita. Akatazama pipa. Akatazama jua. Kisha akajipangusa mikono, akaja taratibu, akapanda juu ya kifuniko cha pipa, akakaa, akakunja khanga katikati ya magoti.

"Sisemi una haki," alisema. "Wala sijasema."

"Najua, dada."

"Nenda basi, usinitazame. Njooni hapa nyie, acheni makelele. Njooni niwape hadithi ndefu." Akavuta pumzi, na kitoto kile chenye vumbi kwenye kope kikasogea, bado kinalia. "Ndefu sana. Haina maji ndani yake."

Yustina alikuwa amekwisha kufika kwenye majabali, anakimbia, debe likigonga paja.